Betri za lithiamu: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Nyumba nyingi za kupanga huku Dar zina korido moja, vyumba pande mbili na mlango mmoja wa mbele, na siku hizi ukiingia jioni unakuta pikipiki ya umeme inachajiwa hapohapo mlangoni au betri yake ya lithiamu imeshushwa iko kwenye korido na ekstensheni imepita chini ya kapeti. Yaani hicho kitu kinaninyima usingizi kabisa, ndo maana naandika.

"Ikianza kuwaka nitaiona mapema nitaizima"

Hapana jamani. Ndani ya betri kuna seli, yaani vibetri vidogo vilivyounganishwa, sasa seli moja ikiharibika inajipasha yenyewe, ikilipuka inaipasha ya jirani, nayo inafuata, afu gesi zinazotoka nazo zinashika moto, kwahiyo toka moshi wa kwanza mpaka chumba kujaa moto unaweza usifike hata dakika mbili. New York mwaka 2023 betri hizi zilisababisha moto mara 268 na kuua watu 18, wanne kati yao mwezi Juni kwenye mtaa wa Chinatown, duka la baiskeli za umeme lilikuwa chini, wao wanaishi juu, na ilikuwa usiku wa manane. Moto haukuanzia kwao wale, shida ilikuwa ya chini.

Kwahiyo swali la kwanza ni inachajiwa wapi. Ikiwaka, wewe na wapangaji wenzako mtapita wapi? Kama jibu ni "juu ya hiyo betri" basi ihamishe leo, iende uani kwenye kivuli, sio juani wala kwenye mvua.

"Moto wa betri haumwagiwi maji"

Hii najua imetoka wapi, shuleni tuliambiwa lithiamu ikigusa maji inachemka na kuwaka. Ni kweli kwa lithiamu yenyewe kama chuma, ila betri ya simu au pikipiki inayochajiwa haina bonge la chuma hicho ndani, na tatizo lake kubwa ni joto, na kitu cha kupoza joto ni maji mengi. Mchanga na mtungi wa poda vinaua mwali unaouona wakati ndani bado kunachemka, ndo maana watu wanashangilia umezima afu baada ya nusu saa unawaka tena. Simu au pawabanki ikiwaka zima umeme kwanza kwenye meni swichi afu mwaga maji kwa mbali. Ya pikipiki usishindane nayo, toa watu, funga mlango, piga 114 zimamoto, na ule moshi usiuvute maana una gesi ya sumu inayounguza mapafu.

"Chaja ikiingia ndo yake"

Tundu linaweza kufanana na volti zisifanane. Betri ya volti 48 kwa kawaida inajazwa mpaka 54.6, ya 72 inaenda mpaka 84, sasa mtu anaazima chaja ya jirani kwasababu plagi imekubali, anategemea ile bodi ndogo ya ulinzi ndani ya betri, inayokata chaji ikizidi, imuokoe, na kwenye betri feki au iliyoungwaungwa na seli za laptop za zamani bodi hiyo unaweza usiikute kabisa.

"Simu ikilala kwenye chaji inajaa kupita kiasi"

Simu nzima na chaja nzuri inakata yenyewe. Mbaya ni kuilaza chini ya mto au kwenye godoro, joto linakosa pa kutokea.

"Ikivimba itoboe gesi itoke"

Usithubutu! Kuitoboa kunaweza kugusanisha tabaka za ndani na ikawaka mkononi. Wala usiiweke friza. Acha kuichaji, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, mpelekee fundi.

"Imeisha chaji kabisa, haina madhara"

Iliyokaa miezi bila chaji inaharibika ndani, na siku unaichomeka ghafla ndo siku ya hatari. Kama hutumii iache nusu, kama asilimia 50 hivi, na iliyodondoka vibaya au kuingia maji ya mafuriko usiirudishe ndani hata kama inawaka taa.