Kemotaipu: spishi moja, mafuta tofauti

Kemotaipu ni kundi la mimea ndani ya spishi moja ambalo kwa macho halitofautiani na mimea mingine ya spishi hiyo, lakini mafuta ya kunukia ya majani yake yametawaliwa na kemikali nyingine, na tofauti hiyo hurithiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni kivumbasi, ambacho watu wengi wa Moshi na Arusha wanakijua kwa kazi ya kufukuza mbu. Jina hilo hupewa mimea kadhaa ya jamii ya mrehani. Hapa ninauzungumzia ule ambao wataalamu huuita Ocimum gratissimum, unaoota wenyewe kando ya mashamba na njia. Ukilitazama jani lake kwa lenzi utaona vitone vidogo vinavyong'aa. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na ukilifikicha jani hupasuka na harufu ikatoka papo hapo. Mimea mingine ya spishi hii hunukia karafuu, kwa sababu mafuta yake yamejaa yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Mingine ina thimoli kwa wingi, na harufu yake hukumbusha dawa ya kusukutua kinywa. Aina ya yujenoli imepatikana Kenya, ilhali ile ya thimoli inafahamika sana Afrika Magharibi, hasa Nigeria na Benin.

Kemikali hizi mbili hazitokani na njia moja. Thimoli hutengenezwa kwa njia ya tapini, yaani kundi kubwa la kemikali za mimea ambazo nyingi zina harufu, na yujenoli huanzia kwenye asidi-amino iitwayo fenilalanini. Kila hatua husimamiwa na kimeng'enya chake, yaani protini inayoharakisha badiliko la kemikali, na kila kimeng'enya kina jeni inayokiagiza, kwa hiyo jeni ikibadilika au ikizimwa, mmea hujaza vifuko vyake kitu kingine bila umbo la jani wala ua kubadilika. Ndiyo maana sampuli iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi inaweza kututhibitishia spishi, lakini haituambii kemotaipu. Kwa hilo ni lazima mafuta yakamuliwe kwa mvuke na kupimwa kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya maabara inayotenganisha kemikali zilizomo moja moja.

Si kila tofauti ya mafuta ni kemotaipu, na hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Majani machanga hayalingani na yaliyokomaa, ya masika hayalingani na ya kiangazi, na hata muda wa kuyaanika kabla ya kuyakamua hubadili viwango. Njia ya uhakika ya kutenganisha mambo haya ni kuchukua vipandikizi kutoka sehemu mbalimbali, tuseme kimoja Moshi mjini na kingine juu zaidi mlimani, kuvipanda katika shamba moja lenye udongo uleule na maji yaleyale, kisha kuyapima mafuta ya majani yenye umri sawa. Tofauti ikitoweka, ilikuwa ya mazingira. Ikibaki, ni ya kurithi.

Mazingira nayo huchagua, ila polepole, kizazi hadi kizazi. Kusini mwa Ufaransa, mmea wa thaimu una kemotaipu 6, na zile zenye thimoli na kavakroli, kemikali inayokaribiana nayo, hukaa zaidi mahali ambapo barafu ya majira ya baridi si kali, kwa kuwa haziihimili kama kemotaipu nyingine.

Kwa anayekamua mafuta ya kutengenezea sabuni au dawa ya mbu, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Thimoli na yujenoli zote huwasha ngozi zikizidi, lakini hazifanyi kazi sawa wala hazipimwi kwa kiwango kimoja, hivyo chupa iliyoandikwa jina la mmea peke yake haijamweleza mnunuzi alichonunua. Tena, anayetaka mafuta yaleyale kila mavuno apande vipandikizi vya kichaka alichokwisha kukipima, kwa maana mbegu hutokana na uchavushaji wa nyuki wanaopita kila kichaka, na miche yake inaweza kutofautiana na mama yao.