Mawakala wa vocha Tanga: nani aliwachukulia kazi?

Nipo kwenye usambazaji wa vocha na floti (salio ambalo wakala hulitumia kuwawekea na kuwatolea wateja pesa) mkoani Tanga, na wenye maduka huniuliza swali moja kila mara: mbona vocha zilizosomesha watoto Makorora na Ngamiani leo hazilipi hata kodi ya kibanda? Wengi wanasema kampuni za simu zimebana kamisheni. Ni kweli zimebana, lakini zimeweza kubana kwa sababu hazimhitaji tena mtu wa kati kama zamani.

Enzi za kadi za kukwangua, kampuni ilimuuzia wakala mkuu maboksi ya kadi kwa punguzo. Yeye akamuuzia wa jumla, wa jumla akapakia pikipiki hadi Muheza, Pangani na Maramba, kadi zikafika kibandani. Punguzo lilikuwa moja, na kila mkono uliopitisha kadi ulikata chake. Chukua mfano wa hesabu tu: punguzo likiwa shilingi 80 kwa vocha ya 1,000, mwenye kibanda akibakiwa na 40 amefanya vizuri.

Watu walidhani wa jumla anauza karatasi. Kikubwa alichouza ni mkopo. Muuza duka wa Pangani alichukua mzigo leo akalipa wiki ijayo, bila dhamana wala fomu, kwa kuwa wanafahamiana. Aliyeuguliwa alisubiriwa. Mkopo huo haukuandikwa kwenye mkataba wowote wa kampuni, na ndio uliozifikisha vocha vijijini.

Mwaka 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa nchini. 2010 ikafuata Tigo Pesa. Hapo pesa ikakaa ndani ya simu ileile inayohitaji salio. Mtu ananunua bando usiku wa manane bila kuvaa viatu. Karatasi haichapwi, pikipiki haitumwi, na lile punguzo kampuni inabaki nalo au inamrudishia mteja kama bonasi. Hata mkopo umehamia humo: salio likiisha kuna Nipige Tafu, pesa ikipungua kuna Songesha. Tofauti ni kwamba simu inakata ada yake, na haijui kwamba umeuguliwa.

Uingereza walipitia jambo la jinsi hii, ila kwa mlango mwingine. Kampuni za simu za mkononi za Cellnet na Vodafone zilipoanza mwaka 1985, masharti ya leseni yalizitaka ziwafikie wateja kupitia kampuni za kati, ambazo ndizo zilizotoa bili. One2One ya 1993 na Orange ya 1994 hazikufungwa na sharti hilo. Ushindani ulipokaza, Vodafone ikaanza kuzinunua kampuni za kati, ikiwemo Peoples Phone mwaka 1996. Kule mtu wa kati aliwekwa na sheria. Kwetu aliwekwa na umbali wa barabara.

Aliyebaki ni wakala wa kuweka na kutoa pesa. Naye ajue anakula wapi: kamisheni yake inatoka pale noti inapoingia au kutoka kwenye simu. Muuza samaki akilipwa kwa Lipa Namba, kisha akamlipa mwenye barafu kwa simu hiyohiyo, wakala hapati kitu. Tangu mitandao ilipoanza kupokeana pesa mwaka 2014, mzunguko huo umezidi kuwa mwepesi. Ni nafuu kwa mteja, nami naiunga mkono, lakini ninayemwona anakopa ili aongeze floti namshauri kwanza ahesabu ni wangapi wanakuja kutoa, si wangapi wanapita.

Kuna kazi moja ambayo simu haijaichukua. Bibi aliyesahau namba ya siri, mzee aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake, mama aliyepoteza laini: wote hukimbilia kibandani kwanza. Wakala anaacha biashara yake, anapiga huduma kwa wateja, anasubiri nao. Kazi hiyo inailindia kampuni wateja wake, na mwenye kibanda anaifanya bure. Nazitaka kampuni ziiwekee malipo, kwa kila tatizo lililotatuliwa, kama zinavyolipia muamala.