Je, wajua kwa nini mtu aliyeponea mafuriko haambiwi "hebu tueleze yote yaliyokupata"?

Huku magharibi mwa Kenya, Mto Nyando ukivunja kingo, ama mto Nzoia ukiingia Budalang'i venye ulifanya 2020, watu hukimbilia shule ya msingi iliyo juu kidogo, madawati yanasukumwa ukutani, mikeka inatandikwa na kila familia inapata kona yake. Baada ya siku mbili tatu wanaanza kufika wageni wenye jaketi, na kati yao kuna mmoja mnaambiwa ni kaunsela. Wengi wetu hutarajia aketi na mama aliyepoteza nyumba amuulize uliona nini, ulisikiaje, toa yote mama, juu tumezoea kuamini uchungu ukitolewa wote mara moja ndio mtu anapona. Lakini aliyefunzwa vizuri hafanyi hivyo. Atachutama kando ya mkeka aulize, "Mama, watoto wote uko nao? Umepata maji ya kunywa? Kuna mtu wako bado hujampata?" Na mtu anabaki akijiuliza, sasa huyu ni kaunsela ama ni wa kugawa vyakula?

Zamani kazi hii ilifanywa kinyume kabisa. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Jeffrey Mitchell, aliandika mpango wa kukalisha wazima moto na watu wa ambulensi pamoja muda mfupi baada ya tukio baya, kila mmoja aeleze alichoona na kilichomuuma zaidi. Mpango ukapendwa, ukasambaa, ukaanza kutumiwa hata kwa wahanga wenyewe, kikao kimoja basi. Halafu watafiti wakaanza kupima kama unasaidia kweli. Huko Uingereza, kwa watu waliokuwa wameungua moto, baada ya miezi 13 asilimia 26 ya waliopitia kikao hicho walikuwa na ugonjwa wa kiwewe, na kwa wale walioachwa bila kikao ilikuwa asilimia 9. Ni kweli kundi la kwanza lilikuwa limeungua vibaya kidogo kuliko lile lingine, lakini tafiti zingine pia, kama ile ya waliopata ajali za barabarani, hazikuona faida, na kwa wengine kikao kilizidisha. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kikao cha namna hiyo kisitumike.

Kwa nini kiumize? Maelezo moja ni kwamba siku za kwanza mwili bado uko macho, adrenalini, ile kemikali ya mwili ya hofu, iko juu, moyo unaenda mbio hata mtu akiwa ameketi tu, na ukimrudisha saa hiyo kwenye usiku wa maji kabla hajatulia ni kama unamwingiza mara ya pili halafu unafunga daftari unaenda. Pia unampa ujumbe kwamba ameshakuwa mgonjwa, na kumbe wengi sio wagonjwa. Mvua ikianza kupiga mabati na mtu anaruka kutoka usingizini, mtoto wa miaka nane anaanza kukojoa kitandani tena, mzee hataki kula, haya yote kwa wiki za kwanza ni mwili kufanya kazi yake, na kwa walio wengi hupungua pole pole bila dawa wala kaunsela, mradi wako mahali salama na wako na watu wao.

Ndio maana mwongozo uliotoka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una maneno matatu tu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani yuko hatarini na nani amechanganyikiwa hata hawezi kushika mtoto wake. Sikiliza, na hapa watu huelewa vibaya: mama akitaka kueleza usiku mzima mwache aeleze, kaa hapo, usimkatize, usimwambie "shukuru Mungu angalau uko hai". Kile hakitakiwi ni kumchimba. Halafu unganisha, yaani mfikishe kwa kile anachohitaji, na mara nyingi ni kitu kidogo sana, chaji ya simu ili apigie dada yake aliye mji wa Ahero, ama jina la mtoto wake liingizwe kwa orodha ya wanaotafutwa, ama ajue kwa ukweli kama barabara imefunguka. Mimi naona habari za ukweli ndio dawa tunayoidharau zaidi, kwa sababu kambi isiyo na habari inajazwa na uvumi ati kuna maji mengine yanakuja usiku, na hapo hakuna anayelala.

Mwongozo mkubwa wa mashirika ya kimataifa, uliotoka 2007, unachora msaada wote huu kama piramidi. Chini, sehemu pana kuliko zote, ni chakula, usalama, maji, choo chenye mlango wa kufungwa kwa ndani ili msichana asiogope usiku. Juu yake ni familia na jamii. Kisha wale wachache wanaohitaji mtu wa kuongea nao kwa mpangilio, na kileleni kabisa ndio daktari wa akili.

Hiyo ya familia na jamii ndio sisi huku tuko nayo kwa wingi na wageni huipita tu. Matanga, kwa mfano. Watu kukesha, kuimba, kuchanga, jirani kuleta unga, kumwita marehemu kwa jina na kusimulia alivyokuwa, hiyo yote ni msaada wa kisaikolojia hata kama hakuna anayeiita hivyo, na tuliona 2020 wakati wa korona mazishi yalipowekewa kikomo cha watu 15 vile familia zilibaki na kitu kimekwama kooni. Kibaya zaidi ni pale maji yamebeba mtu na mwili haupatikani. Familia haiwezi kulia ikamaliza wala kungoja ikamaliza. Wazee wa Kiluo walikuwa na njia, wanazika tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwa mti, badala ya mwili, ili pawe na kaburi na siku ya kusema ameenda. Mtu wa shirika akifika na fomu zake akakuta familia inapanga hivyo, asiwaharakishe, awaulize wanahitaji nini ili ifanyike sawasawa.

Sasa wale wa kileleni wasisahaulike, na mara nyingi ndio husahaulika kabisa. Kuna mtu alikuwa anatumia dawa za kifafa ama za akili kabla ya mafuriko, dawa zikaenda na maji pamoja na kadi ya kliniki, na dawa za kifafa zikikatika ghafla mtu anaweza kuanguka mfululizo hadi akafa. Swali la "kuna mtu hapa alikuwa anakunywa dawa kila siku?" linafaa kuulizwa siku ile ile ya kwanza. Kwa upande wa vita, Shirika la Afya Duniani lilikadiria 2019 kwamba mtu mmoja kati ya watano katika maeneo yaliyopitia vita ndani ya miaka kumi iliyotangulia ana tatizo la akili, wengi la kiasi kidogo, lakini asilimia 5 hivi ni kali. Watu wa Nakuru waliolala uwanja wa Afraha na kwenye uwanja wa maonyesho 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hawahitaji kuelezwa hiyo.

Madaktari wa akili Kenya ni wachache mno, kwa hivyo kazi inashuka kwa watu wa kawaida waliofunzwa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulifuata wanawake Nairobi ambao wengi walikuwa wamepitia dhuluma, wakapewa vikao vitano vya kujifunza kukabili matatizo na msongo na wahudumu wa afya wa jamii wasio na digrii ya saikolojia, na dhiki yao ikapungua. Wahudumu kama hao tuko nao kila kijiji, ila wakati wa mafuriko nyumba zao pia zimeingia maji, wanatembelea wengine mchana na usiku wanalala kwenye madawati yale yale, na nadra sana mtu kuwauliza wao wako aje.

Kama mwezi umepita na mtu bado halali, anajitenga, amezidisha pombe, ama anazungumzia kufa, hapo msingoje. Mpelekeni hospitali ya kaunti, na kama nauli haijapatikana mpigie Msalaba Mwekundu 1199, laini ni ya bure.