Chanuo la "Wamarekani", shanga za Kimaasai na piko la "asili"

"Hilo la Wamarekani, dada," kijana mmoja aliniambia pale Mwenge Vinyago, nikiwa nimeshika chanuo la meno marefu lenye ngumi juu ya mpini.

Ngumi, nakubali. Iliwekwa Marekani miaka ya 1970, Weusi wa kule walipofuga afro na kuifanya bendera yao. Chanuo lenyewe ni la huku. Misri ya kale, kabla hata ya mafarao, watu walizikwa na machanuo ya mfupa na ya pembe za ndovu, juu yake pamechongwa ndege au mnyama. Hayo yamepita miaka 5,000. Umbo limeamuliwa na nywele: kipilipili hakichaniki kwa kitana cha meno yaliyobanana, unachomeka mpaka kwenye mzizi, unanyanyua. Ghana, Waasante wanaliita duafe. Mwanamume alimpa mpenzi wake la mti lililonakshiwa, na hadi leo umbo lake ni mojawapo ya alama za adinkra, michoro yao yenye maana, ikiwakilisha usafi na uzuri wa mwanamke.

(Ukiuziwa la mpingo, litumbukize kwenye maji. Mpingo huzama. Likielea, huo ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu.)

Kwenye shanga tunakosea kinyume chake. Tunadhani za Kimaasai ni za huku tangu enzi, kumbe punje zenyewe zilikuja kwa meli. Shanga ndogo za kioo ziliwafikia Wamaasai kwa wingi kutoka Ulaya karne ya 19, na mpaka sasa zile nzuri nyingi hutengenezwa Jamhuri ya Cheki. Kabla yake walijipamba kwa mbegu, mifupa na waya za chuma. Umaasai uko kwenye kutunga: ipi ikae kando ya ipi, na hiyo ni kazi ya wanawake. Nasi wa Pwani tusiwacheke, maana Kilwa zimefukuliwa shanga za kioo zilizotoka India, na utunda wa bibi, zile shanga za kiunoni chini ya kanga, haukuota Kariakoo.

Piko sasa, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi. Wapambaji wengi watakuapia kwamba ni hina, tena ya asili. Hina ni majani: inaanza na rangi ya chungwa, kesho yake inakolea kuwa kahawia. Haiwi nyeusi. Kinachokupa weusi ndani ya nusu saa ni unga wa kutia nywele rangi, wenye kemikali ya PPD, na ngozi ikishaikataa mara moja, hata dawa ya kuficha mvi inaweza kukuletea balaa.

Binamu yangu alichorwa maua siku mbili kabla ya harusi yake Magomeni. Malengelenge yalifuata mchoro, jani kwa jani, na pete akavishwa mkono ukiwa umevimba. Siku hizi anamuuliza mpambaji kwanza itaanza na rangi gani. Akijibiwa "nyeusi hapo hapo", anarudisha mkono ndani ya mtandio.