Sumu ya kasa haitoki kwa kupikwa

Jamani hili la kusema nyama ya kasa, yule kobe wa baharini, ukiichemsha sana au ukitia ndimu sumu inatoka, si kweli, na watu wanakufa kwalo. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, walikufa tisa, nane wakiwa watoto, na wengine 78 wakalazwa hospitali, na nyama ile ilikuwa imepikwa. Novemba 2021 hukohuko Pemba walikufa saba.

Moto unaua vijidudu, lakini hii si kijidudu ni kemikali, inaaminika inatokana na mwani wenye sumu anaokula kasa na inajikusanya mwilini mwake, yeye mwenyewe haumwi, na nyama haibadiliki harufu wala ladha, kwa hiyo kuionja hakukusaidii kitu. Samaki bunju naye ni vilevile, sumu yake haivunjwi na moto wa jikoni.

Dawa ya kuiondoa sumu ya kasa haipo, hospitali wanakusaidia tu mwili usizidiwe, ndo maana mtu akianza kutapika, koo linawaka, anasinzia ovyo, mkimbizeni haraka. Na mama anaenyonyesha akila, mtoto anaweza kuipata kwenye maziwa hata kama yeye mama hajisikii vibaya sana.