Mchezo wa Dame Uandikwe Kwenye Dosie ya Mgonjwa

Familia nyingi zinazomleta ndugu yao kwenye huduma ya magonjwa ya akili hapa Bukavu hushangaa zikimkuta uani anacheza dame. Wamelipia dawa, mama ameacha biashara yake Kadutu akalala kwenye mkeka ili amlinde mwanawe, halafu mwana huyo anasogeza vifuniko vya chupa. "Tulimleta atibiwe, hatukumleta acheze." Uchungu wao naujua. Unaoniuma zaidi ni ule wa kuyasikia hayo hayo kwa wenzetu wa kazi. Muuguzi anamtoa mgonjwa katikati ya wimbo ili amchome sindano ambayo ingeweza kungoja nusu saa. Daktari anapita uani na kusema "hawa wanapumzika tu". Mgonjwa mwingine ananyimwa mpira kwa kuwa jana alimjibu mtu vibaya. Sijaona mahali ambapo mgonjwa ananyimwa dawa yake, tuseme haloperidoli, kama adhabu, lakini mchezo unanyimwa, kwa sababu hauhesabiwi kuwa matibabu.

Dawa zina kazi yake, na kazi hiyo ni kubwa. Tangu klopromazini ianze kutumiwa katika magonjwa ya akili mwaka 1952, watu wengi wametulizwa sauti zilizokuwa zikiwatesa na hofu ya kuandamwa na maadui wasioonekana. Asiwepo mtu wa fani yetu, ya kutibu kwa shughuli na michezo, anayezipinga. Ila skizofrenia, ugonjwa unaoleta sauti na hofu za namna hiyo, ina upande wa pili: mtu hana msukumo wa kufanya lolote, haoni haja ya kuoga wala kuongea, anajitenga, uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Upande huo dawa tulizonazo zinaugusa kidogo sana. Ndiyo sababu ndugu hutuambia, "Ametulia, lakini bado si yeye." Mwenye sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu, naye hungoja hamu imrudie ndipo ainuke kitandani, na kwa kawaida mambo huenda kinyume: anaanza na kitendo kidogo, hata kama hakitaki, na hamu inafuata nyuma. Hapo ndipo kwaya, bustani, dame na mpira vinapofanya kazi ambayo kidonge hakiifanyi.

Si kila mchezo unamfaa kila mtu, na somo hili tulipewa zamani hapa hapa Afrika. Frantz Fanon, daktari mzaliwa wa Martinique, alifika hospitali ya Blida-Joinville huko Algeria mwaka 1953. Alikuwa na wagonjwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume Waislamu 220. Akaanzisha mikutano, sherehe, filamu na gazeti. Kwa wanawake, wodi ikachangamka. Kwa wanaume, karibu hakuna kilichosogea. Angeweza kusema kwamba wanaume wale hawatibiki. Wapo waliokuwa wakisema hivyo katika enzi ya ukoloni. Yeye na mwenzake Jacques Azoulay waliona kwamba mpango wenyewe ndio ulikuwa mgeni kwa maisha ya watu hao. Wakafungua mkahawa wa aina waliyoizoea, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwita msimuliaji wa hadithi, kukawa na uwanja wa mpira. Kwa hiyo nikiona wodi ya Kivu imewekewa michezo ya kwenye maboksi ambayo hakuna aliyekua nayo, huku kuchambua sombe na kusuka nywele vikikatazwa, naona kosa lile lile likirudiwa.

Wenzetu huanza kusikiliza tunapowaeleza kuwa mchezo unaweza pia kudhuru. Mgonjwa anayetumia klopromazini huungua haraka na jua, na mwili wake hauvumilii joto, hivyo mpira wa saa sita mchana haumfai. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa inaweza kupanda mwilini mpaka ikawa sumu. Mwenye kifafa haingii Ziwa Kivu peke yake, hata kama ni mwogeleaji hodari. Aliyepandwa na kichaa cha furaha, asiyelala usiku, umwongezee ngoma na makofi, utamwongezea moto. Mpe kazi tulivu na mtu mmoja wa kukaa naye. Na katika mji huu, ambako wengi wamepita katika risasi na kukimbia, mlio wa ghafla wa ngoma unaweza kumrudisha mtu kwenye usiku ule ule anaojaribu kuusahau. Kitu chenye masharti namna hii kinahitaji kuagizwa, kupimwa na kuandikwa.

Kuandika ndiko kunakobadili mambo kuliko semina yoyote. Tazama sentensi hii, ambayo imejaa kwenye dosie zetu: "Alishiriki vizuri, alifurahi." Daktari afanye nini nayo? Sasa ilinganishe na hii: "Alicheza dame dakika 25. Alingoja zamu yake bila kukumbushwa. Mkono wa kuume ulitetemeka kila alipoinua kifuniko. Aliinuka na kuzunguka mara nne, akisema miguu inamwasha kwa ndani." Katika kikao cha asubuhi, maneno hayo yanamfanya daktari aangalie upya kipimo cha dawa, kwa sababu mtetemeko na kutotulia kwa miguu huletwa mara nyingi na dawa zenyewe, na kwenye dakika tano za mzunguko wa wodi, mgonjwa akiwa ameketi kwa heshima, ni rahisi kuvipita. Pia yanaonyesha kwamba umakini umerudi kwa mtu ambaye labda wiki iliyopita hakuweza kumaliza kikombe cha chai.

Ningependa kila muuguzi mpya na kila mwanafunzi wa mazoezi aketi uani nusu saa, acheze, asisimame pembeni kama mlinzi. Mgonjwa asiyejibu swali hata moja ofisini huweza kumwambia mpinzani wake wa dame jina la mtoto wake.

Kwa familia: siku ya kuruhusiwa, msiondoke na karatasi ya dawa peke yake. Ulizeni ni shughuli gani ilimsaidia, aifanye muda gani, na afanye na nani. Kama ni kwaya, tafuteni mtu mmoja wa kwaya atakayempitia nyumbani siku ya mazoezi, maana kumwambia "uende" hakutoshi. Kama ni mboga, mpeni kitalu chake, hata kidogo. Akianza kuacha shughuli hiyo siku kadhaa mfululizo, halali au hataki kula, mrudisheni kliniki mapema, msingoje aanze kupiga kelele. Na dawa asiziache kwa sababu anaimba vizuri.