Chuma laini hakitoi uso laini

Karakana nyingi zenye kerezo, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga, zina ushauri huu: ukitaka shafti ing'ae, tafuta chuma laini. Nami niliuamini kwa miaka, na uliniharibia kazi nyingi.

Dhana: Chuma kikiwa laini, uso hutoka safi.

Chuma chenye kaboni kidogo hunata. Kikikatwa polepole, chembe zake huganda kwenye ncha ya kisu kwa joto na mgandamizo, zikafanya kinundu. Kuanzia hapo kinachokata ni kinundu, si makali ya kisu. Kinundu hukua, hubanduka, hukua tena, na kila kikibanduka huacha vipande vimeng'ang'ania kwenye kazi, yaani kile chuma kinachokerezwa. Ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo kama magamba ya samaki. Chuma kigumu kiasi, chenye kaboni ya asilimia 0.45 hivi, mara nyingi hukatika safi zaidi, kwa sababu maranda yake huachia kisu upesi.

Dawa ya chuma laini ni mwendo. Shafti ya milimita 40 ikizunguka mara 240 kwa dakika inapitisha uso wake kwenye kisu mita 30 tu kwa dakika, na hapo kinundu kinastawi. Kwa kisu cha kabaidi, kigumu kuliko cha chuma, panda hadi mizunguko 800 au zaidi, yaani mita 100 na kuendelea. Kisu kiwe kikali kweli, na mafuta ya kukatia yasikosekane.

Dhana: Chuma kilichogumishwa kwa moto hakikerezeki, ni cha kusagwa kwa jiwe tu.

Kisu cha boroni nitridi, kitu kigumu kinachokaribia almasi, hukereza chuma chenye ugumu wa 60 kwa kipimo cha Rockwell C, na kwenye mashine isiyotikisika wastani wa ukwaru hushuka chini ya mikromita 0.8. Ila angalia kisu kilichochakaa: joto lake huweza kuacha juu ya kazi tabaka jembamba, gumu na lenye kuvunjika upesi. Uso unang'aa, lakini shafti inayobeba mzigo inaweza kuanza kupasuka hapo.

Dhana: Uso ukiwa mbaya, kosa ni la chuma.

Kabla ya kukilaumu, piga hesabu. Chukua hatua ya kisu kwa kila mzunguko, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha mviringo wa ncha ya kisu. Hatua ya milimita 0.2 na ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 0.8 huacha matuta yenye kimo cha mikromita 6 hivi. Punguza hatua iwe 0.1, yanabaki kama 1.6. Ugumu wa chuma haumo kabisa katika hesabu hiyo.